Nani Alipe Breki? Miaka Sabini ya Matatu za Eastlands

Mwishoni mwa 1953, mwaka mmoja tangu serikali ya kikoloni itangaze Hali ya Hatari, amri ya Mau Mau ilienea Nairobi kwamba Mwafrika asipande basi. Mabasi yenyewe yalikuwa ya Kenya Bus Service, kampuni ya Waingereza iliyoingia mjini mwaka 1934 na mabasi 13 kwenye njia 12. Watu wa Pumwani, Ziwani, Kaloleni na Shauri Moyo waliamka gizani wakatembea, na waliokuwa na baiskeli wakabebana. Barabara waliyoifuata ilikuwa Doonholm Road, ambayo leo tunaiita Jogoo Road.

Mgomo ule ulikuwa wa siasa, lakini uliacha funzo ambalo halikusahaulika Eastlands, upande wa mashariki wa mji: kwamba watu wa huku walipangiwa kulala mbali na kazi, na njia ya kufika kazini ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Reli na Baraza la Mji zilijenga vyumba vya vibarua wao mashariki ya karakana za treni, kwenye uwanda wa udongo mweusi. Makongeni na Muthurwa zikawa za Reli. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940. Bahati, Mbotela, Maringo, Jericho na Jerusalem zilifuata kabla na baada ya Uhuru, nyingi zikisogea mbali zaidi na mjini. Basi liliongezeka kwa mwendo wa kinyonga na watu wakaongezeka kwa mwendo wao.

Pengo hilo lilizibwa na magari yaliyokuwa tayari yamechoka. Ford Thames kuukuu, iliyowahi kusambaza bidhaa za duka fulani, ilinunuliwa na mtu aliyejibana miaka mingi, ikawekewa mabenchi mawili ya mbao nyuma, ikaanza kubeba watu kwa senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi. Zilikuwa teksi za magendo, matatu za kwanza. Mwaka 1966 Baraza la Jiji lilichukua asilimia 25 ya hisa za Kenya Bus Service na kuipa kampuni hiyo haki ya pekee ya kubeba abiria jijini, kwa hiyo mwenye Thames alipoonekana na polisi alikuwa anavunja sheria mara mbili: hana leseni, na anamwibia jiji abiria wake. Ndiyo maana magari yale yalipita njia za nyuma na kushusha watu kabla ya kufika kituoni. Na gari linalojificha halipelekwi kukaguliwa.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Gari lisilokaguliwa, lililonunuliwa likiwa limekwisha, likibeba watu 15 badala ya mizigo, lilikuwa linakwendaje? Nani alilifunga nati?

Jibu liko Grogan Road, ambayo sasa ni Kirinyaga Road, na kwenye gereji za Wahindi zilizozagaa kutoka River Road hadi Industrial Area. Mafundi wengi wa magari wa Nairobi ya wakati ule walikuwa Masingasinga. Maarufu kuliko wote, Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, kisha 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Kando ya kila fundi wa aina hiyo alisimama kijana Mwafrika, spana boi, aliyetumwa kuleta namba kumi na mbili na namba kumi na tatu, kuosha vyuma kwa petroli, kulala chini ya gari penye oili inayodondoka. Hakupewa cheti. Alipewa masikio: aliijua injini yenye plagi moja mbovu kwa mlio, na aliijua bearing iliyokufa kwa kushika gurudumu na kulitikisa. Kenneth King, mtafiti aliyewafuatilia mafundi hawa na kuchapisha kitabu The African Artisan mwaka 1977, alieleza jinsi ujuzi huo ulivyohama kutoka gereji ya Mhindi hadi chini ya mti. Nusu ya usalama wa barabara zetu imesimama juu ya vijana wale, na ni wachache sana waliowahi kuandikwa majina yao popote.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti juu ya ajira Kenya iliyosema kwa maneno mengi jambo ambalo Shauri Moyo walilijua: kwamba watu hawa wa kazi ndogondogo walikuwa wanalisha mji, na serikali ingefanya vyema kuacha kuwafukuza. Mwaka uliofuata Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni ya Bodi ya Leseni za Uchukuzi. Eastlands ilishangilia. Nairobi ilikuwa na matatu kama 400 hivi wakati huo. Kufikia mwisho wa muongo zilikuwa zimepita 1,500.

Sitaki kuidharau amri ile ya 1973. Iliwatoa watu kwenye magendo na ikawapa wafanyakazi wa kipato kidogo njia ya kufika kazini. Lakini iliondoa leseni bila kuleta kitu kingine mahali pake. Bodi iliyoachwa kando ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kuuliza gari liko hali gani, linapita njia ipi na saa ngapi. Kwa miaka kumi na moja maswali hayo hayakuwa na mwenyewe, na miaka hiyo ndiyo iliyojenga tabia ya biashara nzima.

Ilikuwa pia miaka ambayo Eastlands ilipanuka kuliko wakati wowote. Awamu ya kwanza ya Buruburu ilikamilika mapema miaka ya 1970, na awamu ya tano ikafika mwanzo wa miaka ya 1980. Dandora ilianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa 1975, viwanja karibu 6,000 ambavyo mtu alipewa msingi, choo na bomba, akajijengea vilivyobaki. Umoja ikaja kwa fedha za Wamarekani, kisha Kayole, kisha Komarock. Hakuna hata mtaa mmoja kati ya hiyo uliojengwa na mpango wa usafiri unaolingana na watu wake. Mtu wa Dandora alikuwa na kilomita zaidi ya kumi kati yake na mshahara. Namba za njia zikawa kama majina ya koo: 58 ya Buruburu, 36 ya Dandora, 19/60 ya Kayole, 6 na 9 za Eastleigh.

Sasa hesabu. Mwenye gari, yaani mdosi, humpa dereva gari alfajiri na kumwambia kiasi anachotaka jioni. Kinachopita kiasi hicho, baada ya mafuta na pesa za barabarani, ni cha dereva na makanga. Mpango huu uliingia mapema na mpaka leo magari mengi yanakwenda hivyo. Ukitaka kuelewa kwa nini dereva haachi nafasi ya kuovalapu, kwa nini anaingia upande wa magari yanayokuja pale Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi, kwa nini anangoja dakika ishirini kituoni mpaka gari lijae kisha anakimbia kama anafukuzwa, usianze na tabia yake. Anza na hesabu. Abiria wako wengi kwa saa tatu za asubuhi na kwa saa tatu za jioni, na kati ya hapo gari linachoma mafuta bure. Siku nzima hupatikana au hupotea kwenye trip mbili tatu za msongamano.

Na ukitaka kuelewa breki, anza hapo hapo. Nimekaa mara nyingi kwenye gereji za kando ya barabara kule Mutindwa. Gari linaletwa mchana, saa ambayo halina abiria. Fundi anatandika katoni, anapandisha jeki, anaweka jiwe nyuma ya tairi, anatoa gurudumu, kisha anaigonga drum kwa nyundo pande zote mpaka iachie. Vumbi jeusi linamwagika. Lainingi, ule ukanda mgumu unaosugua drum ili gari lisimame, umeliwa mpaka ribiti zinaonekana, na ribiti zimechora mfereji ndani ya drum.

"Dere, hii imekwisha. Na ile ya upande wa pili iko hivi hivi."

"Weka ya upande huu, fundi. Ile nyingine nitaleta wiki ijayo. Mdosi bado hajaniamini na hii siku nimepoteza."

Fundi anajua, na dereva anajua, kwamba axle yenye lainingi mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine huvuta. Ukikanyaga ghafla, gari haliendi mbele. Linakwenda upande ulioshika. Drum yenye mfereji ingepelekwa kukatwa kwa mashine ili uso wake uwe laini, la sivyo lainingi mpya italiwa kabla ya mwezi. Lakini kukata drum ni pesa na ni saa nyingine mbili, na saa kumi abiria wanaanza kutoka maofisini. Matatu husimama kila steji kati ya City Stadium na Donholm, na kila kusimama ni breki kamili, si ya mguu mwepesi. Gari la kazi hii hula lainingi haraka kuliko gari la mtu wa ofisi kwa mbali sana. Hakuna aliye mjinga katika mazungumzo yale. Kuna pesa tu ambazo haijakubaliwa zitoke mfuko wa nani.

Serikali ilirudi mwaka 1984. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki yaliitambua matatu kama gari la umma, yakadai leseni, bima ya abiria na ukaguzi wa kila mwaka. Tangu hapo jina la Likoni Road, kule Industrial Area kwenye kituo cha ukaguzi, likawa na uzito kwa kila mwenye gari. Mwaka uliofuata Rais Moi aliwatembelea mafundi wa jua kali Kamukunji na kuwaahidi vibanda, na kazi yao ikaanza kutajwa kwenye mipango ya serikali kama kazi halali. Chama cha wenye matatu, kilichokuwa na nguvu za kusimamisha mji, kilipigwa marufuku 1988. Ukaguzi ulibaki, ila ulikuwa wa siku moja kwa mwaka. Tairi nzuri ziliazimwa asubuhi ya Likoni Road na kurudishwa jioni kwa mwenyewe.

Muongo uliofuata ulileta magari ya namna nyingine. Soko la uagizaji lilipofunguliwa, vani za Nissan na Toyota HiAce zilizotumika Japani zilimiminika kutoka Mombasa. Nyingi zilikuwa za mizigo: nyuma hazina madirisha, hazina viti, sakafu tupu. Nairobi ndiyo iliyozigeuza. Fundi wa bodi alikata bati, akaweka vioo, akachomelea fremu za viti kwenye sakafu ambayo mhandisi wa Japani hakuikusudia kushika mtu, na vani ikabeba watu 18. Wakati huohuo lori dogo la Isuzu, lililounganishwa Mombasa Road kwenye kiwanda kilichofunguliwa 1977, lilitolewa chesisi na injini tu, na mafundi wakajenga juu yake bodi ya minibasi. Kutoka hapo zikazaliwa manyanga, zenye spika zinazotikisa madirisha ya Buruburu na michoro ambayo vijana walikua nayo. Nazipenda picha zile na muziki ule kama mtu yeyote aliyekulia huku. Ila kila spika na kila taa ilivuta umeme kutoka alteneta iliyotengenezwa kuhudumia taa mbili za mbele na wipa, na nyaya zilizounganishwa kwa mkanda zikawa chanzo cha moto. Bodi ilirefushwa, uzito ukahamia nyuma na juu, springi zikabaki zile zile.

Kenya Bus Service haikuweza kushindana. Stagecoach ya Uingereza iliinunua 1991 na kuiuza 1998.

Kisha akaja John Michuki. Serikali mpya ya NARC ilimpa Wizara ya Uchukuzi, na Oktoba 2003 alitia sahihi kanuni zilizoanza kutumika Februari 1, 2004. Kila gari la abiria liwe na kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa. Mkanda kwa kila kiti. Vani ibebe 14, si 18, na asisimame mtu. Mstari wa manjano ubavuni wenye jina la njia. Dereva avae buluu, makanga avae marun, na picha ya dereva ibandikwe ndani ili abiria amjue aliyemshika roho. Siku za kwanza magari hayakuonekana, na Jogoo Road ilijaa watu wanaotembea, wake kwa waume, viatu mkononi. Gereji za Eastlands zilikesha: viti viling'olewa, mikanda ikafungwa, rangi ya manjano ikaadimika.

Nitasema wazi kwamba kanuni za Michuki ndizo jambo bora lililowahi kufanywa kwa ajili ya abiria wa Nairobi. Kwa mara ya kwanza mtu alikaa kwenye kiti chake peke yake. Vifo barabarani vilishuka. Lakini kuna mahali zilipopungukiwa, na si pale watu wanapotaja kila mara, yaani hongo na uzembe wa polisi, ingawa hayo yalikuwepo. Kupunguza abiria kutoka 18 hadi 14 kulipunguza mapato ya trip kwa zaidi ya moja ya tano. Mwenye gari hakupunguza hesabu yake kwa kiasi hicho. Nauli ilipanda, kweli, lakini tofauti iliyobaki ilitafutwa kwenye mwendo na kwenye spana. Kidhibiti mwendo kikafunguliwa waya. Mkanda ukachakaa, ukafungwa fundo, usibadilishwe. Sheria ilieleza gari liweje. Haikugusa makubaliano ya alfajiri kati ya mdosi na dereva.

Na kulikuwa na mikono mingine kwenye pesa ile ile. Kwenye njia za Dandora, Kayole na Huruma makundi ya vijana, Mungiki wakiwa wakubwa wao, yalitoza kila gari kwa kila siku, na aliyekataa alijua kitakachompata. Shilingi iliyolipwa steji haikununua lainingi.

Jaribio lililofuata lilikuwa la busara zaidi kuliko lilivyopewa sifa. Kuanzia mwanzo wa muongo wa 2010 kila gari lilitakiwa kuwa ndani ya sacco, yaani ushirika, au kampuni, na kanuni za 2014 za NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama iliyoundwa kwa sheria ya 2012, zikataka kila kundi liwe na magari yasiyopungua 30. Sacco iliyo makini ina uwezo ambao mwenye gari mmoja hana: kununua tairi kwa jumla, kuwa na gereji yake, kulitoa gari kazini likiwa bovu. Baadhi zilifanya hivyo. Nyingine zilibaki kuwa rangi ya ubavuni na mtu wa kukusanya ada kituoni. Michoro iliyokuwa imezuiwa ilirudi Rais Uhuru Kenyatta alipoiruhusu tena, na manyanga za jana zikawa nganya za leo. Kiwango cha KS 372 nacho kikaja kudai bodi za mabasi zijengwe kwa nguvu ya kuwalinda watu gari likipinduka. Novemba 2018 serikali ilitangaza kuzirudisha kanuni za Michuki kwa kishindo, na Eastlands ikatembea tena kwa miguu, miaka kumi na nne baadaye, kwa sababu zile zile.

Barabara pia zilibadilika. Outer Ring Road, kilomita 13 kutoka Thika Road, ilipanuliwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Magari yaliongeza kasi mara moja. Madaraja ya miguu yalichelewa, na watu wa pande mbili za barabara ile walikufa wakivuka kwenda sokoni na shuleni. Kenya imepoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka tangu 2021, na wanaotembea kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lolote jingine. Hili silitaji kupamba hadithi. Gari lenye breki ya upande mmoja likishindwa kusimama, anayelipa mara nyingi hayumo ndani yake.

Machi 2022 mabasi mawili ya umeme yaliingia kazini Nairobi, yakaendeshwa na kampuni za Citi Hoppa na East Shuttle. Yaliletwa na BasiGo, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka mmoja kabla: basi la BYD la viti 25, linalokwenda kama kilomita 250 kwa chaji moja. Magazeti yaliandika kuhusu moshi usiokuwepo na injini isiyo na kelele, na ni kweli yote hayo. Mimi niliangalia mkataba. Kwa mkataba ule wa mwanzo mwenye basi alilinunua bila betri, kisha alilipa shilingi 20 kwa kila kilomita aliyokwenda, na ndani ya shilingi hizo mlikuwa na betri, chaji ya usiku na matengenezo. Basi likihitaji lainingi, lainingi imeshalipwa kilomita elfu moja zilizopita. Dereva hana sababu ya kumwambia fundi aweke ya upande mmoja, na fundi hana mtu wa kumbembeleza. Isitoshe, mota ya umeme hupunguza mwendo yenyewe dereva akiinua mguu, ikirudisha umeme kwenye betri, hivyo lainingi huliwa polepole hata kwenye njia yenye steji kila mita mia chache.

Mabasi hayo bado ni machache mbele ya maelfu ya dizeli. Bei ya kuanzia ni kubwa kwa mtu mwenye Nissan moja, na chaji inataka uwanja na umeme usiokatika. Mafundi wa Mutindwa nao wana la kuuliza. Basi la umeme halina oili ya injini ya kumwaga, halina plagi wala klachi, na nyaya zake zina umeme wa kuua mtu asiyefundishwa. Yanayobaki ni springi, bush, usukani, tairi, bodi na breki, kazi ambayo mikono yao inaijua kuliko mtu yeyote Afrika Mashariki. Kama kampuni zinazoleta mabasi haya zitafungia kazi hiyo nyuma ya geti lao, zitaajiri watu wachache wenye cheti na kuwaacha nje warithi wa spana boi wa Grogan Road. Zikiwafungulia mlango na kuwafundisha, zitapata mafundi wanaolijua shimo la Jogoo Road kwa jina. Mazungumzo hayo yanafaa kufanyika sasa, wakati mabasi bado yanahesabika, na yafanyike mwenye gari, dereva na fundi wakiwa wamekaa meza moja.